Majira ya Kilimani, Maji ya Mlangoni: Mabadiliko ya Kimsimu ya Mata Ogania Iliyoyeyuka kutoka Mabonde ya Gitega na Muyinga hadi Mlango wa Mto Kagera

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mata ogania iliyoyeyuka inavyobadilika kwa majira katika maji yanayoanzia kwenye vilima vya Gitega na Muyinga nchini Burundi, yakapita katika mto Ruvubu na kuingia Ziwa Victoria kupitia mlango wa mto Kagera. Hoja inayotetewa ni kwamba kipimo cha mlangoni hakiwezi kufasiriwa ipasavyo bila kujua majira ya kilimani yaliyokizalisha. Sampuli zinazochukuliwa wakati wa kiangazi peke yake huonyesha mto mtulivu na huficha siku chache za mvua zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo wa mwaka. Makala inaeleza chanzo cha mabadiliko hayo, nafasi ya vinamasi na ya uoshaji wa kahawa, tofauti kati ya mlango wa ziwani na milango ya baharini kama ile ya Tana na Rufiji, na mwishowe inapendekeza namna kalenda ya upimaji inavyoweza kupangwa upya.

Istilahi za msingi: mata ogania iliyoyeyuka, mlango wa mto, msimu, kinamasi, Ruvubu, Kagera

1.0 Utangulizi

Nyamugari ni jina linalobebwa na zaidi ya mahali pamoja nchini Burundi. Gitega ina Nyamugari yake, na Muyinga vilevile. Kwa mtaalamu wa maji, majina hayo mawili yanasimulia habari moja. Sehemu kubwa ya mvua inyeshayo katika maeneo hayo hushuka kwenye mashamba ya migomba, kahawa na maharage, hupita katika mabonde yenye vinamasi, kisha hujiunga na Ruvubu. Mto huo huanzia kaskazini mwa Burundi, hushuka hadi jirani na Gitega, halafu hupinda kuelekea kaskazini-mashariki na kupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu kabla ya kutoka nchini. Hukutana na Akagera karibu na maporomoko ya Rusumo, kwenye mpaka wa Rwanda na Tanzania. Kutoka hapo mto Kagera huendelea hadi Ziwa Victoria, ambako huingia upande wa Uganda, kaskazini kidogo ya mpaka wa Tanzania, katika eneo la Ghuba ya Sango.

Kwa hiyo Burundi, ingawa haina pwani ya bahari, ni mdau wa mlango wa mto. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayomimina maji katika Ziwa Victoria, na huchangia takriban theluthi moja ya maji yote ya mito yanayoingia humo. Kinachofanyika kwenye bonde la Muyinga mwezi wa Oktoba hufika, kwa namna moja au nyingine, mbele ya wavuvi wa Sango.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: tukichukua chupa ya maji mlangoni mwa mto na kuipima, kipimo hicho kinatuambia nini kuhusu ardhi iliyoko juu? Jibu lake si la kinadharia tu. Maamuzi kuhusu kukausha vinamasi, kuruhusu vituo vipya vya kuoshea kahawa, kusafisha maji ya kunywa na kujenga mabwawa hutegemea namna tunavyosoma vipimo vya aina hiyo.

2.0 Dhana na istilahi

Mata ogania ni mabaki na mazao ya viumbe hai: majani yaliyooza, utomvu wa mizizi, mboji, vinyesi, miili ya vijidudu, na kemikali zinazotokana na vyote hivyo. Ndani ya maji, mata hiyo hugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni chembe zinazoonekana au zinazoweza kunaswa na chujio. Fungu la pili ni sehemu inayopenya chujio lenye matundu madogo sana, ya kati ya mikromita 0.2 na 0.7 kutegemea maabara. Fungu hili la pili ndilo linaloitwa mata ogania iliyoyeyuka. Mpaka kati ya mafungu haya umewekwa na chujio, wala haukuwekwa na maumbile. Ndiyo sababu watafiti wanaotumia vichujio tofauti wanapaswa kutaja ukubwa wa matundu kabla ya kulinganisha matokeo yao.

Takriban nusu ya uzito wa mata hiyo ni kaboni, na kwa kawaida kinachopimwa ni kaboni yenyewe, kwa miligramu katika kila lita. Rangi ya chai inayoonekana katika maji ya kinamasi ni dalili ya sehemu ya mata hiyo inayofyonza mwanga. Maabara hupima ufyonzaji wa mionzi ya urujuanimno katika urefu wa wimbi wa nanomita 254 ili kukadiria kama mata hiyo imetoka kwenye udongo na miti, ambayo huwa na molekuli nzito zenye kufyonza sana, au imetoka kwa mwani na bakteria, ambayo huwa nyepesi na huliwa upesi na vijidudu.

Istilahi ya "mlango wa mto" nayo inahitaji maelezo. Katika fasili ya kawaida, ni sehemu ambapo maji baridi ya mto hukutana na maji ya chumvi ya bahari na kuathiriwa na kupwa na kujaa. Makala hii inatumia neno hilo kwa upana zaidi, likijumuisha pia sehemu ambapo mto huingia katika ziwa kubwa. Upanuzi huu una sababu: mambo mengi muhimu ya mlangoni, kama vile kupungua kwa kasi ya maji, kutuama kwa mashapo, kuchanganyika kwa maji ya asili mbili na kuongezeka kwa mwanga, hutokea katika pande zote mbili. Tofauti kubwa ni chumvi, nayo itajadiliwa katika sehemu ya sita.

Hatimaye ni lazima kutenganisha ukolezi na mzigo. Ukolezi ni kiasi cha mata katika lita moja ya maji. Mzigo ni kiasi chote kinachopita mahali fulani kwa muda fulani, nacho hupatikana kwa kuzidisha ukolezi kwa mtiririko wa mto. Mto wenye ukolezi mdogo unaweza kubeba mzigo mkubwa iwapo umefurika, na kosa la kuchanganya dhana hizi mbili limezaa mahitimisho mengi yasiyo sahihi.

3.0 Mwaka wa maji katika vilima vya Gitega na Muyinga

Nyanda za kati za Burundi hupata mvua ya takriban milimita 1,000 hadi 1,300 kwa mwaka. Mvua huanza mwezi wa Septemba au Oktoba, hupungua kwa muda mfupi kati ya Desemba na Februari, hurudi kwa nguvu mwezi wa Machi na Aprili, na hukoma mwezi wa Mei. Juni hadi Agosti ni kiangazi. Mkulima wa Burundi anaitambua kalenda hii kwa majina ya misimu ya kilimo: Agatasi, yaani msimu wa A unaoanza na mvua za Septemba, Impeshi, yaani msimu wa B wa mvua kuu, na Ici, yaani msimu wa C wa kiangazi, ambapo kilimo huhamia kwenye mabonde yenye unyevu. Misimu hii mitatu ni kalenda nzuri pia ya kuelezea mata ogania.

3.1 Ici: mto unaolishwa na chemchemi

Wakati wa kiangazi, maji yanayoonekana mtoni hutoka ardhini. Yamepenya kwa miezi kadhaa katika udongo mwekundu wa vilima, udongo wenye oksidi nyingi za chuma na alumini. Oksidi hizo zina tabia ya kuishika mata ogania juu ya nyuso zake. Matokeo yake ni kwamba maji ya chemchemi hutoka yakiwa safi kwa macho na yenye ukolezi mdogo wa mata hiyo, ingawa tabaka la juu la udongo huohuo lina mboji nyingi. Kilima kinafanya kazi ya chujio.

Katika kipindi hiki mtiririko ni mdogo, jua ni kali na maji huenda polepole. Mwanga huvunja molekuli nzito zenye rangi, na mwani hupata nafasi ya kukua palipo na maji tulivu. Kwa hiyo mata kidogo iliyopo kiangazi huwa na sehemu kubwa zaidi inayozalishwa ndani ya mto wenyewe.

3.2 Agatasi: mvua za kwanza

Mvua ya kwanza baada ya miezi mitatu ya ukavu hukuta ardhi ikiwa na akiba. Majani makavu, majivu ya mashamba yaliyochomwa, samadi, na mabaki ya vijidudu vilivyokufa kwa ukame vyote viko juu juu. Maji yanapozidi uwezo wa udongo kunywa, hupita katika tabaka la juu lenye mboji badala ya kushuka hadi kwenye udongo wenye chuma. Njia ya maji imebadilika, na pamoja nayo umebadilika muundo wa mata inayosafirishwa.

Hii ndiyo sababu ukolezi katika vijito vingi vya nchi zenye majira ya mvua na kiangazi hupanda wakati mtiririko unapanda. Mtu angetarajia kwamba maji mengi yangepunguza ukolezi, kama vile maji mengi yanavyozimua chai. Kinyume chake hutokea kwa kuwa maji mapya yanapita kwenye akiba mpya. Hata hivyo akiba hiyo huisha. Mtiririko uleule ukitokea mwezi wa Aprili, baada ya mvua nyingi, kwa kawaida hukuta ardhi iliyokwisha kusuuzwa, na ukolezi huwa wa chini kuliko wa Oktoba. Anayetaka kuujua mto huu kwa kutumia uhusiano mmoja wa mtiririko na ukolezi kwa mwaka mzima atakosea katika misimu yote miwili.

Mfano wa kubuni wa hesabu utasaidia kuonyesha uzito wa jambo hili. Tuchukue mto wenye mtiririko wa mita za ujazo 20 kwa sekunde wakati wa kiangazi, na ukolezi wa miligramu 3 za kaboni kwa lita. Mzigo wake ni gramu 60 kwa sekunde, au takriban tani 5 kwa siku. Mto huohuo ukifurika hadi mita za ujazo 120 kwa sekunde, na ukolezi ukapanda hadi miligramu 9, mzigo unakuwa gramu 1,080 kwa sekunde, sawa na takriban tani 93 kwa siku. Wiki moja ya mafuriko hayo itapitisha tani 650 hivi, ilhali siku zote 92 za Juni hadi Agosti zitapitisha tani 480 hivi. Ukolezi umepanda mara 3; mzigo umepanda mara 18.

3.3 Impeshi: mvua kuu na mavuno ya kahawa

Impeshi huleta mtiririko mkubwa wa mwaka. Huleta pia jambo ambalo halitokani na mvua. Kahawa ya Gitega, Muyinga na mikoa jirani huvunwa kuanzia mwezi wa Machi hadi karibu Juni, na kahawa inayotayarishwa kwa njia ya maji hukobolewa, huchachushwa na kuoshwa katika vituo vilivyojengwa kando ya vijito. Maji yanayotoka humo yamejaa sukari, pektini na asidi kutoka kwenye nyama ya tunda. Hii ni mata ogania iliyoyeyuka ya aina tofauti kabisa na ile ya mboji: bakteria huila upesi, na katika kuila hutumia oksijeni ya maji.

Tatizo lake limo katika wakati. Mwezi wa Aprili kijito kina maji ya kutosha kuyazimua maji hayo machafu. Mwezi wa Juni mvua zimekwisha, mtiririko umeshuka, lakini uoshaji wa mavuno ya mwisho bado unaendelea. Kiasi kilekile cha uchafu kilichovumiliwa wakati wa mafuriko kinaweza kumaliza oksijeni ya kijito wakati wa mwanzo wa kiangazi. Kibali cha kutiririsha maji machafu kinachotaja kiasi kimoja kwa mwaka mzima hakilindi kijito katika mwezi ambao kijito ni dhaifu.

4.0 Kinamasi: ghala lenye milango miwili

Kati ya kilima na mto mkuu kuna kinamasi. Katika hali yake ya asili, bonde la Burundi hufunikwa na mafunjo na matete. Mimea hiyo hukua upesi, na ikifa huangukia katika maji yasiyo na oksijeni, ambamo huoza polepole mno. Kwa karne nyingi, mabaki hayo hujijenga kuwa mboji nene ya kinamasi. Katika sehemu fulani za Burundi mboji hiyo huchimbwa na kutumiwa kama kuni.

Kinamasi hufanya kazi mbili zinazoonekana kupingana. Kwa upande mmoja huyapunguza kasi maji ya mvua, hunasa mashapo na virutubisho, na huyaachilia maji taratibu. Kwa upande mwingine chenyewe huongeza mata ogania iliyoyeyuka na kuyatia maji rangi. Mtafiti anayepima ukolezi peke yake anaweza kuhitimisha kwamba kinamasi huchafua mto. Akiutazama mwaka mzima, ataona kwamba kinamasi hubadilisha pigo kali la mvua kuwa mtiririko wa muda mrefu, na kwamba kaboni inayotoka humo ni sehemu ndogo ya ile iliyohifadhiwa.

Hali hubadilika pale kinamasi kinapochimbwa mitaro na kukaushwa kwa ajili ya kilimo cha Ici. Hewa huingia katika mboji iliyokuwa imezama, vijidudu vyenye kuhitaji oksijeni huamka, na kaboni ya miaka mingi huanza kuoza. Sehemu yake hupotea hewani kama kabonidioksidi. Sehemu nyingine huyeyuka na kusubiri, na mvua za Agatasi zinapofika hukuta mitaro iliyonyooka inayoielekeza moja kwa moja mtoni. Hivyo kukausha kinamasi huondoa breki na kuongeza mzigo kwa wakati mmoja.

Hakuna mtu mwenye busara atakayemwambia mkulima wa Gitega aache bonde lake katika nchi yenye msongamano mkubwa wa watu na ardhi haba. Maharage, viazi na mboga za Ici ni chakula cha miezi ya njaa. Suala la kisera ni namna ya kulima: kina cha mitaro, kuyafunga maji baada ya mavuno ili mboji ilowe tena, na kuacha ukanda wa mafunjo kati ya shamba na mto.

Asili ya mata inayotoka katika mabonde haya inaweza kutambuliwa kwa isotopu za kaboni. Migomba, kahawa na maharage hufuata njia moja ya usanisinuru, na kaboni yake huwa na alama ya karibu hasi 27 kwa elfu. Mahindi, mtama na nyasi nyingi za kitropiki hufuata njia nyingine, yenye alama ya karibu hasi 13. Mafunjo nayo yamo katika kundi hili la pili. Hapa ndipo tahadhari inapohitajika: alama ya juu mtoni inaweza kumaanisha kinamasi kinachovuja au mlima uliolimwa mahindi. Kipimo hicho hakitofautishi viwili hivyo mpaka kiambatane na rangi ya maji, majira, na ramani ya matumizi ya ardhi.

5.0 Safari ya kwenda mlangoni

Kama Ruvubu ungekuwa mfereji ulionyooka, pigo la mvua za Muyinga lingefika ziwani bila kubadilika. Raymond, Saiers na Sobczak, katika makala yao ya mwaka 2016, walieleza kwamba mafuriko husukuma mata ogania kwa kasi inayozidi uwezo wa vijidudu vya mtoni kuila. Kwa hiyo kazi ya kuichakata huhamishiwa mbali zaidi, katika mito mikubwa, maziwa na milango ya mito. Wakati wa kiangazi mambo hugeuka: maji huenda polepole na mata nyingi huliwa karibu na ilikotoka.

Katika bonde la Kagera wazo hilo lina sharti. Kati ya Rusumo na ziwa, mto hupita pembezoni mwa vinamasi vikubwa vya mafunjo na msururu wa maziwa madogo ya Akagera. Mafuriko hutandaa humo, hukaa, kisha hurudi mtoni. Msimu unaofika mlangoni kwa hiyo umechelewa kuliko ule wa kilimani, umepungua makali, na umechanganyika na mata ya vinamasi vya chini. Anayepima mlangoni mwezi wa Juni anaweza kuwa anapima mvua za Aprili.

Mlangoni penyewe, maji ya mto hukutana na ziwa lililo wazi kwa jua. Mashapo hutuama, mwanga hupenya, rangi huanza kufifia, na molekuli zilizokuwa ngumu kuliwa hukatwakatwa na mionzi na kuwa chakula cha bakteria. Eneo hili, pamoja na Ghuba ya Sango na visiwa vya Musambwa, lilitambuliwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Samaki wa mwambao huo huishi katika maji ambayo oksijeni yake, mwanga wake na chakula chake hupangwa kwa sehemu na msimu uliotoka kilimani.

Baada ya mlango huu, msimu hupotea. Ziwa Victoria ni kubwa mno, na maji yake hukaa humo miaka mingi kabla ya kutoka Jinja. Kwa hiyo, ingawa maji ya Ruvubu ni ya mto Nile, mlango ambao vilima vya Nyamugari vinaweza kuuathiri kwa majira ni huu wa Kagera.

6.0 Milango ya chumvi: funzo kutoka Tana, Rufiji na Nile

Pwani ya Afrika Mashariki inatufundisha kile ambacho chumvi huongeza. Maji ya mto yanapokutana na ya bahari, baadhi ya molekuli nzito hugandamana kwa ajili ya chumvi na kuzama. Mikoko, kwa upande wake, huongeza mata mpya: bahari hujaa na kulowesha matope ya mikoko, kisha hupwa na kuondoka na maji ya rangi ya chai. Katika pwani ya Kenya, ambako tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia takriban mita 4, jambo hili hutokea mara mbili kwa siku, na Ghuba ya Gazi imekuwa mojawapo ya maabara za asili za kulichunguza.

Mtaalamu wa bahari ana kifaa kizuri cha kutenganisha athari hizi. Kama mto una miligramu 8 kwa lita na bahari ina miligramu 1, basi pale ambapo maji hayo yamechanganyika nusu kwa nusu tutarajie miligramu 4.5. Tukipata 6, kuna kilichoongezwa njiani, pengine na mikoko. Tukipata 3.5, kuna kilichopotea. Mlangoni mwa Kagera hakuna chumvi ya kutumia kama kipimo hicho, lakini isotopu za oksijeni ya maji zinaweza kuchukua nafasi yake, kwa kuwa maji ya ziwa yamepitia uvukizi mkubwa kuliko ya mto.

Mto Tana unaonyesha umuhimu wa kurudia vipimo. Uchunguzi wa kaboni uliofanywa kutoka vyanzo vyake hadi delta mwezi wa Februari 2008 ulikuwa wa kiangazi, nao ulijitambulisha hivyo waziwazi. Watafiti walirudi mtoni katika msimu wa mvua wa mwaka 2009 na mwishoni mwa mvua za mwaka 2010, kwa kutambua kwamba picha ya msimu mmoja si picha ya mto. Tana hubeba pia athari ya mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambayo hunasa mashapo na kupunguza mafuriko.

Katika Rufiji, ambako delta ina msitu mkubwa wa mikoko unaoongoza Afrika Mashariki, ujazaji wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza Desemba 2022. Bwawa kubwa husawazisha mtiririko: huhifadhi maji ya masika na kuyaachilia kiangazi. Mlango wa mto uliozoea msimu hupokea mwaka uliolainishwa. Mfano wa Nile unatuonya juu ya uzito wa jambo hilo. Baada ya Bwawa Kuu la Aswan kuanza kuzuia mafuriko katika miaka ya 1960, uvuvi wa dagaa wa sardini mbele ya delta ya Misri, uliotegemea lishe iliyoletwa na mafuriko ya kila mwaka, uliporomoka katika muda wa miaka michache. Maji hayakukauka, kilichokatika ni msimu.

7.0 Maana yake kwa sera

Kutokana na maelezo haya, mapendekezo matano yanajitokeza.

Kwanza, kalenda ya upimaji ifuate maji badala ya robo za mwaka za kiutawala. Kati ya safari chache zinazowezekana kifedha, angalau moja iangukie mvua za kwanza za Agatasi, moja kilele cha Impeshi, moja mwisho wa uoshaji wa kahawa, na moja katikati ya Ici.

Pili, kila kipimo cha ukolezi kiambatane na mtiririko wa siku hiyo. Taasisi ya Kijiografia ya Burundi, IGEBU, yenye makao yake Gitega, ndiyo yenye dhamana ya takwimu za mvua na mito nchini. Vipimo vya kemia visivyounganishwa na takwimu hizo haviwezi kutoa mzigo, na bila mzigo hakuna mjadala wa maana kati ya nchi ya juu na nchi ya chini.

Tatu, vibali vya vituo vya kuoshea kahawa vitaje msimu. Mabwawa ya kutuamisha maji machafu, na matumizi ya maganda kama mbolea badala ya kuyatupa mtoni, yana faida kubwa zaidi katika wiki za mwisho wa mavuno.

Nne, wasimamizi wa maji ya kunywa wajiandae kwa mabadiliko ya rangi. Klorini inapokutana na mata ogania hupungua nguvu na huzalisha kemikali kama trihalomethani. Suluhisho si kupunguza klorini, kwani hatari ya kipindupindu na homa ya matumbo ni kubwa na ya haraka zaidi. Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba usalama dhidi ya vimelea usihatarishwe. Suluhisho ni kuondoa mata hiyo kabla ya kutia klorini, kwa kugandisha na kuchuja, na kujua mapema ni wiki zipi mtambo utahitaji dawa zaidi.

Tano, takwimu zivuke mipaka. Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda zinashiriki bonde moja, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao Kisumu pamoja na Mpango wa Bonde la Nile ulioanzishwa mwaka 1999 ni majukwaa yaliyopo tayari. Kiswahili kina nafasi hapa. Msoma kipimo cha mto aliye Muyinga na mwenzake aliye Kyaka wanaweza kuelewana kwa lugha hii leo, iwapo istilahi zake zitasanifiwa: ukolezi, mzigo, mtiririko, mata ogania iliyoyeyuka. Fomu moja ya Kiswahili ya kurekodi vipimo, yenye fasili moja ya kila safu, ingegharimu kidogo na kuzuia makosa mengi.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mata ogania iliyoyeyuka katika mlango wa mto ni kumbukumbu ya njia ambazo maji yamepitia: udongo mwekundu wakati wa Ici, mboji ya juu wakati wa Agatasi, mafuriko na maji ya kahawa wakati wa Impeshi, kisha vinamasi vya Akagera vinavyochelewesha yote. Kumbukumbu hiyo husomeka kwa anayejua tarehe na chanzo. Taifa la juu ya mto linalopima kiangazi tu litajiona halina deni kwa walio chini. Taifa la chini linalopima mafuriko tu litamlaumu jirani kwa kila kitu. Vipimo vya misimu yote, vilivyochukuliwa pande zote mbili kwa utaratibu mmoja, ndivyo vitakavyoyapa mataifa haya manne msingi wa haki wa kuzungumzia maji yao.